Kifaru Kilichopewa Uraia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, Siwema alilala.

Haukuwa uvivu. Katika Karakana ya Taifa Namba Nne, iliyokuwa ikitengeneza vitanda vya hospitali zote za Jamhuri ya Tandala, ilikuwapo kanuni moja ambayo haikutoka wizarani, na labda ndiyo maana watu waliifuata: kitanda hakitoki mlangoni mpaka fundi aliyekichomelea akilalie mwenyewe. Kwa hiyo kila siku saa moja kasorobo Siwema alivua viatu, akajinyoosha juu ya chuma kitupu alichokiunga jana yake, akafumba macho, akageuka kushoto, akageuka kulia, akasikiliza. Kikilia, alikirudia. Kikinyamaza, alikipiga viganja viwili vitatu kama mtu anayemsifu ng'ombe mpole, akakisukuma kwenye foleni ya kupakwa rangi.

Asubuhi hiyo alikuwa ndiyo kwanza amegeukia kulia. Kitanda hakikulia. Kilicholia ni ukuta.

Ukuta wa mashariki uliinama kwanza, kana kwamba unatoa shikamoo, halafu ukalala chini wote, na katikati ya vumbi ukajitokeza uso wa kifaru cha vita. Kilipita juu ya vitanda kumi na saba vya wodi ya wazazi, kikavikunja kama karatasi, kikasimama hatua tatu kutoka kwenye nyayo za Siwema. Mfuniko ukafunguka. Askari aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope akachomoza kichwa na kuuliza, kwa adabu nyingi, kama hapa ndipo Namba Nne, maana lango hakuliona.

Siwema alitaka kumwambia kwamba lango lilikuwa upande wa pili, pana, na wazi. Alitaka kumwambia habari za wanawake kumi na saba watakaojifungulia sakafuni.

"Karibu," alisema.

Ndivyo alivyokuwa. Maneno aliyoyakusudia yalifika mpaka kwenye meno, yakachungulia, yakaona watu, yakarudi.

*

Jamhuri ya Tandala ilikuwa vitani na Ng'ambo, mwaka wa nne sasa. Ng'ambo ilikuwa na jina lake kamili, lakini jina hilo lilikuwa limepigwa marufuku, na watoto wa shule walikuwa wamelifuta kwenye ramani kwa wino mweusi, wakapewa maksi. Sababu ya vita iliandikwa vizuri sana kwenye faili. Kwa bahati mbaya, faili hilo lilisahauliwa Ng'ambo wakati wa mazungumzo ya amani.

Silaha hazikuwa shida. Jamhuri ilikuwa na mizinga mirefu hamsini, zawadi ya marafiki wasiopenda kutajwa. Shida ilikuwa kuisogeza. Ng'ombe waliokuwa wakiivuta walichinjwa katika Wiki ya Ushindi, ushindi ambao ulikuwa bado unatarajiwa. Ndipo jeshi lilipoteka kifaru cha Ng'ambo kwa ushujaa usioelezeka, siku tatu baada ya kifaru hicho kuishiwa mafuta na wenyewe kwenda zao kwa miguu.

Alasiri ile ile akafika Waziri wa Chuma na Ushindi, Mheshimiwa Kwembe, mtu mnene mwenye sauti tamu. Aliingia kupitia ukuta ulioanguka, akaisifu karakana kwa kuwa na hewa ya kutosha. Kisha akapanda juu ya kitanda kimojawapo kilichonusurika na kueleza mpango.

"Tutamkata adui kichwa, tubaki na miguu yake," alisema. "Juu ya miguu hiyo tutaweka mkono wetu. Adui atatoka nje asubuhi, ataona miguu yake mwenyewe inamfuata ikiwa na mzinga wetu mgongoni, na atalia kama mtoto."

Mafundi walipiga makofi kwa muda uliopangwa. Kuhusu vitanda, Waziri alisema wagonjwa wa Tandala ni wazalendo, na tangu kesho watalala kwa zamu. Halafu akauliza kama alivyouliza mwisho wa kila hotuba yake: kuna mwenye swali? Aliinua vidole, akahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, akashusha mkono. Hiyo ilikuwa demokrasia ya Tandala, na ilichukua sekunde tatu.

*

Kukata kichwa cha kifaru, yaani sehemu ya juu yenye mzinga wake wa zamani, kungechukua siku mbili. Kabla ya hapo palikuwa na jambo dogo la uraia.

Sheria za Tandala zilikataza mgeni kubeba silaha ya taifa, na chesisi ya kifaru, yaani mwili wa chini wenye injini na minyororo, ilizaliwa Ng'ambo. Akaletwa Bibi Nyamizi wa Idara ya Uhamiaji, mwanamke mwenye kiti chake cha kukunja na subira ya ajabu. Alikaa mbele ya kifaru, akakiuliza jina la baba. Akasubiri. Akakiuliza kazi yake ya awali. Akasubiri. Akakiuliza kwa nini kiliondoka kwao, akaandika: *Mwombaji alinyamaza kwa heshima.*

Alama za vidole zilichukuliwa kwa kuipaka minyororo wino na kukiendesha kifaru juu ya karatasi, na kwa namna hiyo sakafu ya karakana nayo ikawekwa kwenye kumbukumbu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilileta utata kidogo, kwa sababu kifaru kilikamatwa katikati ya shamba la mihogo. Serikali ikaanzisha mtaa pale pale shambani, ukafanyika uchaguzi, akapatikana mwenyekiti, naye akaandika kwamba anamfahamu mwombaji kuwa ni mtulivu na hajawahi kugombana na jirani yeyote. Siku ya kiapo injini iliwashwa. Ilinguruma. Bibi Nyamizi akaandika: *Ndiyo.*

Mambo haya yalichukua wiki tano. Katika wiki hizo vijana mia mbili waliuawa mtoni, kwenye mstari wa mbele, wakisubiri mzinga, lakini msomaji asiilaumu Idara ya Uhamiaji. Vita vilikuwa vimeombwa kwa maandishi visubiri.

Kifaru kikapewa jina, Mzalendo wa Kwanza, na cheti chenye muhuri. Chini ya cheti, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba uraia huu ni wa muda wa miaka miwili, na kwamba katika kipindi hicho raia mpya haruhusiwi kuvaa bendera, maana bendera si nguo ya kuazima.

Siwema ndiye aliyesoma herufi zile ndogo. Ilikuwa tabia yake kusoma vitu mpaka mwisho.

*

Kichwa kilikatwa, mzinga ukaletwa, na hapo Fundi Mkuu Lugome akagundua kwamba haukai. Mzee Lugome alikuwa amemfundisha Siwema kazi. Alimwita mwanangu, na alipenda kusema kwamba chuma hakina haraka. Alipoweka mzinga ukitazama mbele, kitako chake kiligonga injini na mdomo ukaziba tundu la dereva. Alipougeuza utazame nyuma, ukakaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo Mzalendo wa Kwanza kilikuwa kinatembea kwenda huku na kupiga makombora kule. Ili kumshambulia adui, kingelazimika kumfuata kinyumenyume.

Mzee Lugome aliandika barua kuhusu jambo hilo, akaifuta mara tatu, akaituma. Wizara ikamjibu kwa pongezi. Askari wa nchi nyingine, ilisema barua, humwendea adui wakimwogopa usoni. Askari wa Tandala atamwendea kwa mgongo, kwa dharau.

Sasa akahitajika dereva anayejua kurudi nyuma. Na katika Tandala nzima hapakuwa na mtu aliyejua kurudi nyuma kama Pazi.

Pazi alikuwa mdogo wake Siwema, ambaye Siwema mwenyewe alimlea tangu mtoto akiwa na miaka saba, tangu walipobaki wawili. Alikuwa dereva wa lori la vitanda. Miaka minne alikuwa akilirudisha lori lile kwenye milango ya wodi, vichochoro vya zahanati na nyua zenye kuku na watoto, bila kumkwaruza yeyote. Siku barua ya jeshi ilipofika aliisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote.

"Dada Si, mdogo wako kapandishwa cheo," alisema. "Zamani nilirudisha nyuma vitanda. Sasa wananipa taifa zima nilirudishe nyuma."

Watu wakacheka. Halafu wakatazamana kuona nani amecheka.

Siwema ndiye aliyechomelea kiti cha dereva na bamba lililokuwa juu yake. Alichomelea polepole, kuliko alivyowahi kuchomelea chochote. Kila fundi ana mwandiko wake wa mshono, na wake ulijulikana karakana nzima: alipofika mwisho hakuukata, aliurudisha kidogo na kuukunja, kama mkia wa mjusi, ili chuma kisipasuke pale moto unapotoka. Mafundi wanaume walimtania kwamba anafuma vitambaa vya meza. Pembeni mwa kiti, mahali ambapo mkono wa kushoto ungefika, alimwekea Pazi kijindoano cha kutundikia kikombe chake cha bati, kwa sababu Pazi bila chai hakuwa mtu.

Kazi ilipokwisha alikumbuka kanuni. Aliingia, akakaa kwenye kiti kile, akajiegemeza, akafumba macho. Hakikulia.

Ila alitoka nje, akarudi hatua thelathini ili kukitazama. Mzinga ulikuwa umeelekea upande wa pili, hauonekani vizuri. Kilichomtazama yeye kilikuwa uso ule ule uliobomoa ukuta: pua ile ile pana, taa mbili zile zile, rangi ile ile ya Ng'ambo, na bendera hakuna. Akafikiri: kikienda kwa adui kinyumenyume, uso huu utakuwa umewaelekea watu wetu. Na mtu wetu aliyekaa nyuma na darubini na mzinga wake, ataona nini? Ataona kifaru cha Ng'ambo kimemkodolea macho.

Alimweleza Mzee Lugome, akitazama viatu vyake muda wote. Mzee akavua miwani, akamwambia aandike. Aliandika ukurasa mmoja, mwandiko mzuri, akiomba kwamba kama bendera haiwezekani, basi hata msalaba wa chokaa. Jibu lilikuja siku ya tisa. Lilisema kwamba wapiga mizinga wa Tandala wana macho, kwamba macho hayo yalipimwa, na kwamba safari nyingine mwandishi atumie karatasi yenye nembo.

*

Sherehe ilifanyika chini ya turubai lililofunika mahali ulipokuwa ukuta. Bendi ilipiga. Waziri Kwembe alikata utepe, akahutubia saa nzima na robo, akamwita Mzalendo wa Kwanza mwanangu wa kumzaa. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Moja.

Siwema alikuwa mstari wa mbele pamoja na mafundi, ovaroli yake ikiwa imepigwa pasi. Swali alikuwa nalo. Lilikuwa la mstari mmoja tu.

Mbili.

Aliona Waziri anamtazama. Pengine hakumtazama yeye, alitazama tu huko alikokuwa. Lakini ilitosha.

"Hakuna, Mheshimiwa," Siwema akajikuta anasema. "Asante."

Tatu, na makofi.

Injini ilikuwa inanguruma tayari. Pazi alikuwa ameketi, kichwa nje ya tundu, kofia ya jeshi ikimkaa kama sufuria, anawapungia mafundi mkono. Siwema alisogea mpaka akaweka kiganja kwenye chuma chenye joto. Alikuwa ameamka na maneno yake tayari, ameyapanga usiku kucha: *Shuka, Pazi. Shuka twende nyumbani.* Yalikuwa machache, hata mtoto angeyaweza. Yalifika kwenye meno. Nyuma yake walisimama Waziri, bendi, na Bibi Nyamizi aliyekuwa akifuta machozi kwa kitambaa.

"Umefunga kamba za viatu?" alimuuliza.

Pazi akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni.

"Nimefunga, Dada Si. Mafundo mawili."

Akarudi nyuma, taratibu, bila kumkwaruza yeyote, akapita pengo la ukuta na kuingia barabarani. Alikuwa anawatazama wote huku anaenda mbali. Siwema hakuwahi kuona safari ya namna ile, ya mtu anayeondoka uso ukiwa umekuelekea mpaka mwisho.

*

Siku ya sita redio ilitangaza ushindi. Wapiga mizinga wa Tandala, ilisema, walikuwa wameteketeza kifaru cha Ng'ambo kwa kombora moja tu, kifaru ambacho, kwa ujanja ambao haujawahi kuonekana katika historia ya vita, kilikuwa kikiwatazama ana kwa ana huku kikijifanya kinaondoka. Mpigaji alipewa nishani. Habari ya pili ilisema kwamba Mzalendo wa Kwanza anaendelea vyema na majukumu yake.

Siwema alikuwa anapembua mchele. Aliendelea kuupembua mpaka ukabaki mweupe kama meno, akaupembua tena.

Aliandika barua kwa Pazi. Ikaja kadi iliyopigwa chapa: *Ndugu mpendwa, niko salama, nawasalimu wote.* Akaandika nyingine akiuliza jina la paka wao. Ikaja kadi ile ile. Akaenda Ofisi ya Habari za Askari, akapanga foleni tangu alfajiri, na karani mmoja mpole sana akamfungulia daftari na kumweleza kwa utaratibu. Askari wa gari la vita, alisema, hawezi kufa peke yake, hufa pamoja na gari. Mzalendo wa Kwanza halimo kwenye orodha ya magari yaliyopotea. Kwa hiyo mdogo wake hajafa. Tena, hongera, jana amekuwa koplo.

"Naomba kumwona," Siwema alinong'ona.

"Dada yangu, koplo ana kazi nyingi," karani alisema, akamwita anayefuata.

Majirani hawakuhitaji daftari. Wanawake walikuja na mikeka kichwani, wakatandika uani, tayari kwa matanga. Saa kumi wakaja polisi wawili, wakaeleza kwamba kumwombolezea mtu aliye kazini ni kumvunja moyo askari, kosa la kifungo. Wanawake wakakunja mikeka. Lakini hawakuondoka. Walikaa chini kwenye udongo wakamenya mihogo, gunia zima, bila neno, maana kumenya mihogo hakukuwa kumekatazwa bado.

*

Wiki ya saba lori refu likaleta mateka mwingine. Ukuta ulikuwa haujajengwa, kwa hiyo safari hii hakuna kilichobomoka.

Kilikuwa chesisi tupu, nyeusi kwa moshi, na mbele kulikuwa na tundu ambalo Siwema angeweza kupitisha kichwa. Kiliitwa Mateka wa Pili. Bibi Nyamizi alikunjua kiti. Safari hii fomu ilikuwa na swali jipya: *Je, mwombaji amewahi kuomba uraia wa Tandala?* Bibi Nyamizi alikiuliza, akasubiri kwa subira yake ile, akaandika: *Hapana.*

Juu ya mgongo wa kifaru kile palikuwa na vipande vya kitako cha mzinga, vimeelekea nyuma. Mafundi waliviona. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee Lugome akawasomea waraka wa wizara uliokuwa umetangulia: iwapo mafundi wataona kwenye mateka dalili zozote za ufundi wa Tandala, wafahamu kwamba Ng'ambo wameanza kuiga ubunifu wetu, na hilo ni jambo la kujivunia.

Siwema alipangiwa kiti cha dereva. Aliingia na taa. Ndani kulikuwa kumeoshwa kwa maji mengi na sabuni ya unga, harufu ya sabuni ilikuwa kali mpaka machozi yakatoka. Kiti kilikuwapo. Hakukitaka. Lakini mwili wake ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na moja, ukavua viatu wenyewe, ukakaa, ukaegemea, ukafumba macho, ukasikiliza.

Alipofumbua, shubiri moja juu ya paji la uso wake ulikuwapo mshono. Ulikwenda sawa, bila haraka, na mwisho ulirudi nyuma kidogo na kujikunja kama mkia wa mjusi.

Mkono wake wa kushoto ulishuka pembeni, polepole, ukijua unachotafuta. Kijindoano kilikuwapo. Na juu yake kilining'inia kishikio cha kikombe cha bati, kishikio tu.

Alikaa humo mpaka wakaja kumwita kwenda kula.

*

Alimwonyesha Mzee Lugome. Mzee aliingia kwa shida, magoti yakilia, akakaa muda mrefu kuliko alivyohitaji kuutazama mshono mmoja. Alipotoka hakumtazama.

"Mshono ni mshono tu, mwanangu," alisema.

"Ni wangu, mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nina watoto sita, Siwema."

Baadaye akarudi na grenda mkononi, ile mashine ya kusagia chuma. Maagizo ya wizara, alisema, ni kwamba alama zote za mafundi wa Ng'ambo zisagwe kabla ya sherehe. Alimwekea grenda karibu na miguu, taratibu, kama mtu anayeweka maua.

"Sawa, mzee," Siwema alisema.

Aliingia tena ndani ya kifaru, akafunga mfuniko, akaiwasha grenda, akaiacha ilie hewani nusu saa nzima. Mafundi walisikia. Akatoka, akanawa mikono.

*

Sherehe ya pili ilikuwa na turubai lile lile na bendi ile ile. Hotuba pia ilikuwa ile ile. Mahali palipoandikwa *wa Kwanza* palikuwa pamekatwa kwa kalamu na kuandikwa *wa Pili*. Waziri Kwembe alimwita Mzalendo wa Pili mwanangu wa kumzaa, akaongeza kwamba Mzalendo wa Kwanza anamsalimu mdogo wake kutoka mstari wa mbele. Mzinga ulikuwa umekaa mgongoni, umeelekea nyuma. Bendera hakuna.

Dereva wa safari hii alikuwa mwanamume wa makamo aliyeitwa Tindwa, aliyekuwa akiendesha gari la wagonjwa huko mikoani. Alivaa miwani, na kila dakika aliivua akaipangusa. Ndani, karibu naye, walikuwamo askari watatu. Injini ilikuwa inanguruma. Pembeni alisimama mwanamke ameshika chupa ya chai, hajui ampe saa ngapi.

Siwema alichaguliwa kutoa neno la shukrani, kwa sababu ilijulikana kwamba hana maneno. Alipewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: *Sisi mafundi tunashukuru kwa kupewa nafasi ya kushukuru.* Alisimama mbele ya kipaza sauti, karatasi mkononi. Waziri, ili kumaliza yake kabla ya shukrani, akainua vidole na kuuliza kama kuna mwenye swali.

"Moja," alisema. "Mbili."

"Mimi ninalo," Siwema alisema.

Kipaza sauti kikapiga ukelele. Waziri alibaki na vidole viwili hewani. Katika miaka yote ya demokrasia ya Tandala hilo halijawahi kutokea, na hapakuwa na utaratibu wake.

"Swali langu ni nani amekilalia hiki," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini spika za wizara zilikuwa mpya. "Hapa kwetu kitanda cha mgonjwa hakitoki mpaka aliyekitengeneza akilalie. Hiki nimekilalia mimi. Juu ya kiti cha dereva kuna mshono wangu, una mkia. Niliambiwa niusage, sikuusaga, mtu yeyote aingie atazame. Na kuna kijindoano cha kikombe nilichomwekea mdogo wangu Pazi. Huyu si mateka wa pili. Ni kile kile. Ng'ambo hawakukigusa. Mlikipiga nyinyi, naye yumo ndani, anawatazama. Halafu mkamwosha kwa sabuni, mkampa ukoplo, mkatukunjisha mikeka. Na sasa mmeandaa watu wengine wanne."

Mtu wa wizara alimpa Mzee Lugome ishara azime umeme. Mzee alikwenda mpaka ukutani, akaweka mkono kwenye swichi. Akaona watu wote wanamtazama. Akabaki vile vile, mkono juu ya swichi, kama aliyesahau inazimwa upande gani.

"Mwezi ule uliniuliza," Siwema alimwambia Waziri, "nikakujibu hakuna, nikasema na asante. Nilikuwa nalo. Nimelibeba hili swali mpaka limeniulia mtu."

Waziri Kwembe alitazama vidole vyake viwili. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akainua cha tatu.

"Tatu," alisema, na bendi ikapiga.

Siwema aliweka karatasi chini. Akavuka zulia jekundu, akapita mbele ya Bibi Nyamizi, mbele ya mpiga tarumbeta, mpaka kwenye chuma chenye joto, akaweka kiganja pale pale alipokiweka mara ya kwanza. Tindwa alikuwa amevua miwani na hakuivaa tena. Alimwinamia ili amsikie, kwa sababu ya ngoma na injini. Haikuwa lazima. Safari hii Siwema aliyasema maneno yake kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya mto.

"Shuka, kaka. Shuka twende nyumbani."